Astrid: jina la malkia, jina la nkambo

Kila mwaka, mu mwezi wa kwanza wa masomo, ninawapa wanafunzi wangu wa kalasi ya tatu kazi moja ya historia ambayo haitake buku. Ninawaambia: «Rudieni nyumbani, muulize wazee, kisha muniletee maana ya jina lenu na jina la mutu aliyelibeba mbele yenu.» Kazi hiyo wanaipenda. Huyu anakuja na Kyungu, anaeleza kama alizaliwa pacha wa kwanza, na kama Kabange, wa pili, iko mu kalasi ingine. Yule ni Mapendo, haihitaji maelezo. Mwingine ni Mujinga, na mbele afungue kinywa wenzake wanakwisha kucheka, juu katika Kiswahili mujinga ni mutu asiye na akili. Hapo ndipo ninawanyamazisha. Ninawaeleza kama mu Kiluba kujinga ni kuzungusha, ni ndugu ya neno letu la Kiswahili kuzinga, na Mujinga ni mutoto aliyezaliwa na kitovu kimemuzunguka ku shingo. Ni jina la mutu aliyepona mbele hata ya kulia mara ya kwanza. Wanacheka tena, lakini si cheko ile ya kwanza.

Mwaka moja msichana mumoja wa nyuma akasimama, akasema mbio mbio: «Mwalimu, miye bananiita Astrid. Yangu haina maana. Ni majina ya Bazungu tu.» Akakaa. Kalasi ikapita kwa mwingine. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule kuliniumiza siku nyingi, kwa sababu nkambo wangu, mama ya mama yangu, alikuwa anaitwa Astrid, na mutoto wangu wa kwanza anaitwa Astrid. Historia ndiyo kazi yangu, niliisomea ku ISP ya Lubumbashi, na sikuwa na neno la kumujibu mutoto yule. Haya ninayoandika ni jibu lenye kuchelewa.

Neno lenyewe

Astrid linatoka ku inchi za kaskazini ya Ulaya: Norwe, Swideni, Denmaki, na kisiwa cha Iceland. Katika luga ya zamani ya watu wale liliandikwa Ástríðr, na wenye kuchunguza luga hiyo wanaona ndani yake vipande viwili. Kipande cha kwanza, áss, kinamaanisha mungu, mumoja wa miungu waliyoiabudu mbele ya kubatizwa: Odin, Thor na jamaa yao. Kipande cha pili, fríðr, ni muzuri, mwenye kupendeza, mwenye kupendwa. Kwa hiyo Astrid ni sawa kusema «muzuri kama miungu», ao «mupendwa wa miungu». Tusilifunge mu tafsiri moja tu. Hata Kiluba hakikubali kufungwa namna hiyo. Kipande kile cha pili ndicho kilizaa pia Ingrid na Sigrid, na akina Ingrid mu Lubumbashi hawakosekane.

Kuko vibuku vidogo vyenye kueleza tabia ya kila jina: Astrid ni mutulivu, rangi yake ni ya buluu, namba yake ni fulani. Nilisoma viwili. Cha kwanza kilisema Astrid ni mupole, cha pili kilisema ni mwenye kiburi. Tuviache. Kama tunatafuta tabia ya jina, afazali tuangalie wanawake waliolibeba.

Mwenye kukumbukwa sana kati ya wale wa zamani ni Astrid mama ya Olav Tryggvason. Habari zake ziliandikwa mu miaka ya 1200 na Snorri Sturluson, mutu wa Iceland, zaidi ya miaka mia mbili nyuma ya mambo yenyewe. Basi tuzisikie sawa vile tunasikia habari za Kalala Ilunga: kuko kweli ndani, na kuko mapambo ya wenye kusimulia. Bwana ya Astrid aliuawa. Yeye, na mimba, akakimbia, akazalia mutoto wake ku kisiwa kidogo katikati ya ziwa. Akahama naye pahali na pahali, mupaka siku moja wakapanda mashua waende upande wa Urusi, kwa kaka yake. Mu bahari wanyanganyi wa Estonia wakawakamata. Mama akauzishwa upande wake, mutoto upande wake. Snorri anaeleza kama mutoto aliuzishwa kwa bei ya mbuzi dume, kisha mwenye kumununua akamubadilisha na vazi. Sisi wenye kuzaliwa mu inchi ya Msiri, ambako watu na pembe za tembo vilibadilishwa na nguo na bunduki, hatuna lazima ya kufasiriwa bei ya namna hiyo.

Miaka ikapita. Mufanyabiashara mumoja wa Norwe akaona ku soko ya watumwa mwanamuke amekonda, nguo zake mbaya, akamutambua: ni yule muke wa mufalme. Akamukomboa, akarudi naye mu inchi yao, akamuoa. Mutoto naye alikombolewa na mujomba wake, na mwaka 995 akawa mufalme wa Norwe. Siku nilisimulia habari hii kwa muzee mumoja Mulamba, hakushangaa juu ya soko wala juu ya ufalme. Alisema tu: «Mujomba. Ni nani mwingine angemukomboa?»

Kuko pia Estrid, ni jina lile lile kwa matamko ya Denmaki. Huyo alikuwa dada ya mufalme Knud, aliyetawala Denmaki na Uingereza. Mutoto wake Sven alipopata ufalme wa Denmaki mwaka 1047, watu walimuita Sven Estridsen, ndiyo kusema Sven mutoto wa Estrid, kwa jina la mama, juu damu ya ufalme aliipata upande wa mama. Kwa Wazungu wa wakati ule haikuwa kawaida. Kwa Balamba, wenyeji wa udongo huu wa Kipushi, ambao ukoo unapita kwa mama, ni kawaida kabisa.

Mu siku za karibu, Swideni ilikuwa na Astrid Lindgren (1907–2002), aliyeandikia watoto wa dunia nzima habari za Pippi, msichana asiyeogopa mukubwa yeyote. Sijaona buku lake mu Kipushi. Lakini wasichana wa namna ile tuko nao.

Malkia na mugodi

Sasa, namna gani jina la Wanorwe na Waswideni lilifika ku mupaka wa Zambia? Wazee wanakumbuka askari wa Swideni, wale wa ONU, waliolinda maelfu ya wakimbizi Baluba mu kambi ya Elisabethville mwaka 1961. Wengine wanazani ni wao walituachia jina. Hapana. Wakati ule akina Astrid wa Katanga walikuwa wamekwisha kuwa mama za watoto. Jina lilikuja mbele, na lilikuja na mutu mumoja.

Binti wa mufalme Astrid wa Swideni alizaliwa Stockholm tarehe 17 mwezi wa 11 mwaka 1905. Mwezi wa 11 mwaka 1926 aliolewa na Léopold, mutoto mukubwa wa Albert wa Kwanza, mufalme wa Wabeleji. Alikuwa Muprotestanti wa Kiluteri. Mwaka 1930 akaingia mu Kanisa Katolika. Alizaa watoto watatu: Joséphine-Charlotte, Baudouin na Albert. Tangu mwisho wa 1932 mupaka 1933 yeye na bwana yake walitembea mu Kongo. Mwezi wa pili mwaka 1934 mufalme Albert akakufa kwa kuanguka ku mawe, Léopold akawa mufalme, na Astrid akawa malkia. Alikuwa malkia mwaka moja na nusu tu. Mwanzo wa 1935, wakati kazi ilikuwa imekufa mu Beleji na watu walikuwa mu baridi, aliomba wenye kuwa na kitu wawatolee maskini nguo na chakula. Tarehe 29 mwezi wa munane mwaka ule ule, Küssnacht, mu Uswisi, motokari iliyokuwa inaendeshwa na mufalme mwenyewe ikatoka mu barabara, ikagonga muti. Astrid akafia pale. Alikuwa na miaka 29.

Beleji nzima ililia, na kilio kile kikavuka bahari. Mwaka 1936 posta ya Kongo Belge ilitoa timbre yenye picha ya malkia pamoja na watoto weusi.

Mwaka ule wa 1936 nkambo wangu akazaliwa hapa Kipushi, mu kambi ya Union Minière. Baba yake alitoka upande wa Kabongo. Alikuja kijana na mukataba wa kazi, kisha akaleta muke, juu karibu na mwaka 1928 Union Minière ilianza kugeuza njia: badala ya kuchukua wanaume peke yao na kuwarudisha ku vijiji, ilitaka wafanyakazi wakae miaka mingi, na muke na watoto, mu nyumba za kambi. Masomo na ubatizo vilikuwa mu mikono ya mapadri Wabenedikto wa Monseigneur de Hemptinne. Mutoto alizaliwa kitovu ku shingo, basi jina lake lilikuwa limekwisha kujitaja: Mujinga. Siku ya kubatiza, padri akauliza jina la kikristo. Nkambo alikuwa anapenda kusimulia namna baba yake alijibu: «Muweke ile ya bibi ya mufalme, mwenye alikufa.» Hakujua kama ni jina la miungu ya Wapagano wa kaskazini. Padri kama alijua, alinyamaza.

Hapa historia inacheka kidogo. Mugodi ambao baba ya nkambo aliteremka ndani kila asubui uliitwa Mine du Prince Léopold. Ndilo jina Union Minière iliupa mugodi wa Kipushi ulipoanza mu miaka ya 1924 na 1925, kwa heshima ya Léopold alipokuwa bado mwana wa mufalme. Bwana alipewa shimo la shaba na zinki. Bibi alipewa mabinti.

Na si wao wawili tu. Muji mukubwa ulikuwa Elisabethville: Elisabeth ni mama mukwe wa Astrid. Ku ziwa Tanganyika kulikuwa Albertville: Albert ni baba mukwe. Kulikuwa pia Baudouinville, lakini hapo watu wengi wanachanganya. Ile ilipewa jina la kaka ya Albert, aliyekufa kijana mwaka 1891, si la mutoto wa Astrid. Jamaa muzima ilikuwa imeandikwa juu ya udongo wa Katanga, sawa mutu mwenye kuandika jina lake ku kila kiti mu nyumba. Astrid hakupata muji huku kwetu. Alipata wake mu Rwanda: Butare iliitwa Astrida mupaka mwaka 1962, na masomo makubwa ya Mafrère de la Charité pale, Groupe scolaire d'Astrida, yalitoa makarani na wasaidizi wa waganga wa Rwanda na Burundi.

Mwaka 1955 mutoto wake Baudouin, sasa mufalme, akatembelea Kongo. Watu wakamuita Bwana Kitoko. Waliopiga kelele ile ku barabara hawakujua neno moja la luga ya Waviking, lakini kitoko yao na fríðr ya jina la mama yake ni kitu kimoja.

Karatasi yenye kufuta

Mwaka 1966 leta ya Mobutu ilifuta majina ya miji: Elisabethville ikawa Lubumbashi, Albertville ikawa Kalemie. Mwanzo wa 1967 Union Minière ikanyanganywa migodi, ikaja kampuni ya leta ambayo tulikuja kuijua kwa jina la Gécamines, na Prince Léopold naye akaachwa njiani. Ukawa mugodi wa Kipushi tu. Mugodi ulisimama 1993, na kila jamaa ya hapa inajua namna miaka ile ilikuwa. Mwaka 2024 ulianza tena kutoa zinki. Kati ya vijana wenye kuteremka ndani leo, uliza mumoja Prince Léopold ni nani. Atafikiri ni mwimbaji.

Nyuma ya miji ikaja zamu ya watu. Mwanzo wa 1972, wakati inchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaïre, Mobutu alitupa Joseph-Désiré yake, na kila raia akalazimishwa kutupa yake. Padri mwenye kubatiza mutoto wa Zaïre kwa jina la kigeni alitishwa na kifungo. Kardinali Malula alipinga, na akapaswa kuondoka, akaenda Roma. Buku ya sheria za jamaa ya mwaka 1987 iliandika tena kama majina lazima yachotwe mu urizi wa inchi. Sikatae: kulikuwa na haki ndani ya mambo yale. Watu walioitwa «boyi» mupaka na mvi ku kichwa walikuwa na sababu ya kutaka kusafisha nyumba yote. Lakini mwenye kusafisha hakuuliza wenye nyumba kitu gani ni uchafu.

Nkambo alienda kupanga mustari sawa wengine. Alirudi na karte mupya: Mujinga, kisha jina la baba yake. Mama yangu, wakati ule msichana, anakumbuka kama nkambo aliweka karte mu sanduku, akafunga, akarudilia chungu chake. Ku maji, ku soko, mu kikundi cha wamama wa kanisa, aliendelea kuitwa Mama Astrid. Hakuna mutu wa leta alikuja kusikiliza ku jikoni. Mimi nilizaliwa mu miaka ile. Karatasi zangu za kuzaliwa hazina jina la ubatizo, na nyumbani niliitwa kwa jina la ubatizo kila siku. Tarehe 24 mwezi wa ine mwaka 1990 Mobutu alipofungua mulango wa vyama vingi, majina yale yakatokea inje mu siku kidogo. Hayakurudi kutoka mbali. Yalikuwa mu nyumba.

Swali langu sasa ni hili: juu ya nini Elisabethville ilikufa kwa karatasi moja, na Astrid karatasi haikuiweza? Yote mawili yalikuwa majina ya wake wa wafalme wa Beleji. Yote mawili yalikuja na Wabeleji.

Padri Placide Tempels, Mufransisko aliyeishi na Baluba upande wa Kamina, aligusa jambo hilo mu buku yake La philosophie bantoue, iliyotoka Elisabethville mwaka 1945. Anaeleza kama kwa Baluba majina hayana uzito moja. Kuko jina la munda, jina la ndani, ambalo ni mutu mwenyewe, hilo halipotee. Kuko jina lenye mutu anapata nguvu yake ikiongezeka, sawa vile kusimikwa mufalme. Na kuko jina lenye mutu anajivalisha tu, na ni katika kikundi hicho cha tatu Tempels aliweka majina ya Kizungu: unalivaa, unalivua. Wasomi wetu wamekatala mambo mengi ya Tempels, na mara mingi wana haki. Hapa ninazani aliona vizuri wakati wake. Kitu ambacho hakuona, juu kilikuwa bado kutokea, ni kama jina linaweza kuhama kutoka kikundi cha tatu likaingia mu cha kwanza. Haiombe ruhusa ya leta wala ya padri. Inaomba mutu mumoja alibebe jina maisha yake yote, akufe, na mutoto azaliwe nyuma yake.

Juu kwetu jina la nkambo halipewe kwa kuwa linapendeza ku masikio. Kwa Balamba, sawa kwa Babemba ndugu zao, kuko kupyana: mutu akikufa, kiti chake hakibake bure, mumoja wa ukoo anarizi jina na pahali pake. Kwa Baluba mutoto anaitwa juu ya mutu, na wale wa Kasai wana neno kwa wawili wenye jina moja: shakena. Mu mila hizo zote hakuna mutu anauliza kama sauti za jina zilizaliwa Kabongo ao Stockholm. Tunauliza: «Ni majina ya nani?» Elisabethville ukiuliza vile, jibu ni: ya mwanamuke wa Bulaya ambaye hatukukula naye. Astrid ya kwetu ukiuliza vile, jibu ni: ya nkambo.

Kwa hiyo, kuhusu tabia ya jina, mimi ninaweza kuandika paka tabia ya huyo ninayemujua. Alikuwa mufupi, na sauti ya kuamuru. Aliuzisha unga wa muhindi na samaki ya kukauka. Deni za watu aliziandika mu kichwa, juu hakujua kuandika, na hakusahau hata moja. Lakini ku kilio ya mutu, deni ya ule aliyekufa aliifuta mbele ya watu wote, kwa sauti, ili watoto yake wasije wakaombwa. Mwaka 1993, wakati mugodi ulisimama na wanaume wa kambi walikuwa wanakaa inje ya nyumba asubui na mavazi ya kazi, nguo za kazi bila kazi, yeye aliongeza sahani moja kila jioni. Hakusema ni ya nani. Kila jioni mutu alitokea kuikula.

Alikufa mwaka 2006, na ku kilio chake majina yake mawili yalileta vita. Fundi wa musalaba alikuwa anangoja na rangi, aulize: niandike nini? Katekista akasema: Astrid, ndilo jina ambalo Kanisa linamujua. Mujomba wangu, mutoto mwanaume mukubwa wa nkambo, akasimama. Ni mutu ambaye mu 1972 alitupa jina lake la ubatizo kwa furaha na hakulirudilia hata leo. Alisema: «Astrid ni ya Babeleji. Tata alikulaka fimbo ya Babeleji mu mine. Siwezi kuiandika juu ya mama.» Mama yangu mudogo akajibu kama nkambo mwenyewe aliitika jina lile miaka sabini. Usiku wote vikaendelea, kati ya wimbo na wimbo. Sikuingia, mujukuu hana neno mu mambo ya namna ile. Lakini katika roho nilikuwa siwezi kusema mujomba anakosa. Fimbo, ile yenye Wabeleji waliita chicotte, ilikuwa kweli. Asubui fundi akaandika MUJINGA, jina la baba yake, na myaka miwili. Astrid haikuandikwa.

Nyuma ya miaka miwili muke wangu akazaa msichana. Nilikuwa na jina lingine tayari, nililichagua mu buku, lilikuwa zuri. Mama yangu akaja ku hospitali, akamubeba mutoto, akaniambia polepole: «Baliacha majina moja inje ya kaburi. Iko inangojea mutu.» Sikubisha.

Leo ule mutoto ana miaka zaidi ya kumi na tano. Ukimutuma ku soko anarudi na hesabu yote, na mwenye kumukopa feza anaijutia. Watu wanasema: ni nkambo muzima. Mimi mwalimu ninazani ni sisi: mutoto mwenye kusikia kila siku «nkambo hakuwa anafanya vile» atafika kufanya sawa nkambo. Lakini hiyo ndiyo njia ambayo jina linafanya kazi, na wazee hawakusema kitu kingine.

Yule msichana wa kalasi ya tatu nilimuita, nikamuambia kazi yake haikuwa imeisha. Nilimupa fríðr na áss, nikamupa Astrid wa soko ya watumwa na malkia wa Küssnacht. Alisikiliza kwa heshima, sawa vile watoto wanasikilizaka mwalimu. Kisha nikamuambia aulize swali ingine nyumbani: si maana yake nini, ni ya nani. Siku mbili nyuma akarudi, safari hii akasimama bila kuitwa. Jina lake ni la dada mukubwa wa baba yake, aliyemulea baba yake wakati wazazi walikufa, na ambaye alikufa mwaka ule ambao yeye alizaliwa. Baba hakuwa amemuambia. Hakuna mutu alikuwa amemuuliza.

Mujomba wangu sasa ni muzee, anakaa karibu na sisi, na macho yake hayaone vizuri. Jina la Astrid halijatoka mu kinywa chake tangu usiku ule wa kilio. Mutoto wangu akipita mu kiwanja chake, anajua hatua zake, anageuza kichwa, anaita sawa vile mutu wa kwetu anaita mwenye kubeba jina la muzazi wake: «Mama, uniletee maji.» Na yeye anamuletea.